Polisi wa shule na simu ya mtoto: mzazi amkwepe au amtumie?

Mwezi wa Agosti, shule za Marekani zinapofunguliwa, wazazi wengi huletewa barua ya mkutano wa jioni: polisi wa shule atakuja kuzungumzia usalama wa watoto mtandaoni. Kwa Waswahili wa Louisville, Lexington, Des Moines, Grand Rapids, Phoenix na Portland ya Maine, wengi wao Wakongomani waliofika kama wakimbizi, barua hiyo mara nyingi husomwa na mtoto mwenyewe, kisha ikapotea. Hata ikimfikia mzazi, haendi. Mtu aliyeikimbia Kivu, akakaa miaka mingi kambini Nyarugusu au Nakivale, hana sababu ya kumwamini upesi mwenye sare na bastola kiunoni. Hofu hiyo ina msingi, na sehemu kubwa ya makala hii itaieleza. Lakini imezaa ushauri mmoja unaozunguka makanisani na kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba usizungumze na polisi wa shule kwa jambo lolote lile, na kwenye suala la mtandao ushauri huo unawaumiza watoto ambao hakuna nyumbani anayedhani wako hatarini. Wengi wa watoto hao ni wavulana.

Historia ni fupi, na wanaoishi huko wanaijua. Polisi wa namna hii walianza Flint, Michigan, miaka ya 1950, wakaongezeka sana baada ya mauaji ya shule ya Columbine mwaka 1999, serikali kuu ilipotoa fedha za kuwaajiri. Leo karibu nusu ya shule za umma zina askari mwenye silaha anayefika walau mara moja kwa wiki. Mwajiri wake kwa kawaida ni polisi wa mji au sherifu wa kaunti, ingawa wilaya kadhaa kubwa za shule zina idara yao ya polisi. Chama chao cha kitaifa, NASRO, kilichoundwa mwaka 1991, kinasema kazi zao ni tatu: kusimamia sheria, kufundisha, na kuwa mlezi asiye rasmi. Mabishano yote yanazaliwa hapo, kwa kuwa kazi zote tatu ni za mtu mmoja, na havui sare anapotoka kwenye moja kwenda nyingine. Wanaomkwepa wanaiona ile ya kwanza peke yake. Ya pili, hasa pale anayefundishwa ni mzazi, haijapewa haki yake.

Kuna takwimu ambayo polisi hawa huitaja sana kwenye mikutano yao, nayo inastahili kusomwa taratibu. Kati ya Oktoba 2021 na Machi 2023, FBI na wapelelezi wa Wizara ya Usalama wa Ndani walipokea taarifa zaidi ya 13,000 za watoto waliotishiwa kwa picha zao za utupu ili watoe pesa. Waathirika walikuwa wasiopungua 12,600, wengi wao wavulana. Angalau 20 walijiua. Hiyo ni miezi 18 tu. Kituo cha kitaifa cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, NCMEC, nacho kilipokea taarifa 10,731 za utapeli huohuo mwaka 2022, na 26,718 mwaka 2023.

Anayewatilia shaka polisi atasema idadi hizo zinapima kuripoti, hazipimi uhalifu wenyewe. Huenda sehemu ya ongezeko ni watu kujua tu pa kupeleka habari. Ni kweli. Ila tuifuate hoja hiyo hadi mwisho. Ikiwa mtu huripoti kwa sababu amejua pa kuripoti, basi jamii isiyojua haimo kabisa kwenye hesabu. Mtoto wa mama asiyesoma Kiingereza, ambaye hajui NCMEC ni nini na amekatazwa kumsogelea polisi, hayumo kati ya wale 26,718. Kutokuwemo kwake hakumaanishi kwamba hajafikiwa. Matapeli hawa hawaulizi mtoto ametoka wapi. Wanatafuta akaunti iliyo wazi, yenye orodha ya marafiki inayoonekana, na kijana wa miaka 14 hadi 17 anayejibu usiku.

Hapo ndipo ulinzi wa nyumba zetu ulipogeuzwa upande mmoja. Binti huulizwa anachati na nani, simu yake hukaguliwa, hukatazwa kuipeleka chumbani. Kaka yake huachwa, kwa sababu wasiwasi wa wazazi ni mimba na aibu, na mvulana kwa hesabu hiyo haleti lolote nyumbani. Utapeli wa pesa unamtafuta yeye kwa sababu hiyohiyo: hana anayemuuliza, na akinaswa ataona aibu kusema. Polisi aliyepata mafunzo huliweka jambo hili mwanzoni mwa mazungumzo yake. Kwa mzazi Mswahili, hiyo sentensi moja ndiyo yenye thamani kuliko jioni nzima.

Namna wanavyofanya inajulikana hatua kwa hatua. Akaunti yenye picha ya msichana humfuata kijana Instagram. Kabla ya hapo imekwisha kuwafuata wanafunzi wenzake kadhaa, hivyo anaona marafiki wa pamoja na kudhani ni mtu wa shule jirani. Baada ya maneno machache humhamishia Snapchat, kwa kuwa huko ujumbe hufutika. “Msichana” hutuma picha ya utupu kwanza, kisha humwomba na yeye atume. Dakika ile picha inapofika, sauti hugeuka. Kijana huletewa picha yake imewekwa pamoja na orodha ya wafuasi wake, majina ya shangazi na mwalimu yakiwemo, na kuambiwa atoe pesa kwa Cash App, programu ya kutuma pesa, au namba za kadi za zawadi za dukani, la sivyo itatumwa kwa wote. Akilipa, dau hupanda. Kijana wa miaka 17 wa Marquette, Michigan, alilipa dola 300 mwezi Machi 2022, wakadai zaidi, na akajiua usiku uleule. Tangu ujumbe wa kwanza hadi kifo zilipita saa chache tu. Ndugu wawili wa Lagos waliohusika walikamatwa, wakapelekwa Marekani, na Septemba 2024 kila mmoja alihukumiwa miaka 17 na nusu gerezani.

Muda huo wa saa chache unabadilisha swali la nani aitwe. Mzazi akisubiri Jumapili azungumze na mchungaji, au amsubiri mjomba aliyeko Texas, jambo limekwisha pita. Polisi wa shule anaweza siku hiyohiyo kuiandikia kampuni ya mtandao barua ya kuitaka ihifadhi data za akaunti. Sheria ya shirikisho inaibana kampuni kuzitunza siku 90, na muda huo huongezwa mara nyingine. Barua hiyo haimpi polisi ruhusa ya kusoma chochote. Kwa hilo anahitaji amri ya mahakama. Inazuia tu ushahidi usifutike wakati amri inatafutwa. Mshauri wa shule hana uwezo huo, mwalimu hana, mzazi hana. Kisha polisi huyo huipeleka kesi kwenye kikosi cha uhalifu wa mtandao dhidi ya watoto. Viko 61 nchi nzima, na kila jimbo lina kimoja au zaidi. Askari anayemjua mpelelezi wa kikosi hicho kwa jina hupiga simu moja. Mzazi anayeanzia dawati la mbele la kituo cha polisi, kwa Kiingereza cha kubabaisha, huandikiwa namba ya jalada na kurudi nyumbani.

Yapo pia mambo ya kiutendaji ambayo mtu hayafikirii mpaka ameyaharibu. Baba aliyeshtuka hufanya mambo matatu: hufuta kila kitu kwenye simu ya mtoto, humtukana mtapeli kwa ujumbe, na hujirushia ile picha kwenye simu yake ili “iwe ushahidi”. Yote matatu ni makosa. Kufuta kunaua kesi. Kujibu kunamwambia mtapeli kwamba kuna mtu mzima mwenye hofu, na huenda mwenye pesa. Na kuirusha picha ya utupu ya mtoto aliye chini ya miaka 18, hata kama ni wako, hata kama unampelekea askari kwa WhatsApp, ni kusambaza kitu ambacho sheria ya Marekani inakataza mtu yeyote kuwa nacho. Kinachotakiwa ni skrinshoti za jina la akaunti, kiungo cha ukurasa, maneno ya vitisho pamoja na saa, na anwani ya kupokelea pesa: ile ya Cash App inayoanza na alama ya dola, au namba ya kadi. Chukua jina la akaunti, usiridhike na jina la kuonyesha, maana hili la pili hubadilishwa kwa sekunde. Hifadhi kwanza, mfungie mtapeli baadaye, kwa kuwa kwenye baadhi ya programu ukimfungia mtu mazungumzo hupotea machoni. Picha yenyewe iache ilipo.

Kisha kuna huduma ya bure ya NCMEC iitwayo Take It Down, iliyoanza kufanya kazi rasmi Februari 2023. Simu huitengenezea picha alama ya kidijitali papo hapo, na alama hiyo ndiyo inayotumwa. Picha haitoki kwenye simu. Instagram, Facebook, TikTok, Snapchat na kampuni nyingine zilizojiunga huitumia alama hiyo kuitambua na kuiondoa. Haifanyi kazi ndani ya mazungumzo yaliyofumbwa, ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuyasoma, kama ya WhatsApp, na polisi mkweli hulisema hilo. Sheria ya shirikisho yenye jina hilohilo, iliyosainiwa Mei 2025, inazitaka kampuni ziondoe picha za namna hii ndani ya saa 48 baada ya ombi halali, nazo zilipewa mpaka Mei 2026 kujipanga. Namba ya NCMEC ni 1-800-843-5678. Mtoto anayezungumzia kufa apigiwe 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, mara moja, kabla ya polisi na kabla ya skrinshoti yoyote.

Mkutano mzuri haukomei kwenye hatari; unafungua simu mezani. Kwenye iPhone, mipangilio ya udhibiti iitwayo Screen Time huwekewa namba ya siri yake ya peke yake, tofauti na ya kufungulia simu, na ndani yake kuna kinga inayofifisha picha za utupu kabla hazijaonekana. Kwenye Android, Family Link husimamia upakuaji wa programu, na simu yenyewe inaweza kuwekwa Kiswahili ili mzazi asome anachokubali. Instagram tangu Septemba 2024 huwaweka walio chini ya miaka 18 kwenye akaunti za faragha, na walio chini ya 16 hawawezi kulegeza masharti bila mzazi. Lakini kinga hiyo yote huning’inia kwenye tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa siku akaunti ilipofunguliwa. Mtoto wa miaka 12 aliyejiandika 21 ili aingie, kwa macho ya kampuni ni mtu mzima, na kila mlango uko wazi. Ndiyo maana jambo la kwanza kukagua ni umri ulioandikwa kwenye akaunti, mambo ya kupunguza saa za kutazama yaje nyuma.

Kikwazo cha pili ni cha kwetu hasa. Katika nyumba nyingi za wageni, mtoto ndiye fundi. Ndiye aliyemfungulia mama akaunti ya Apple, ndiye anayejua neno la siri, ndiye anayebofya “kubali” kwenye simu ya mama ombi la ruhusa linapoingia. Udhibiti wa wazazi uliowekwa juu ya simu ambayo mtoto ndiye mwenye funguo zake haudhibiti kitu. Dawa yake ni dakika 20 za mzazi kukaa na mtu mzima mwingine anayeijua simu, wabadilishe neno la siri na namba ya kurejeshea akaunti, mtoto asiwepo. Askari anayekaa dakika hizo 20 na mama mmoja amefanya kazi ambayo hakuna kikosi cha upelelezi kinachoweza kuifanya baadaye. Vilevile wazazi wengi hudhani kichujio cha shule kinamlinda mtoto kila mahali. Sheria ya mwaka 2000 inazitaka shule zinazopata punguzo la serikali la intaneti ziwe na kichujio kwenye mitandao na kompyuta zao. Simu ya mfukoni yenye bando lake haimo.

Hiyo ndiyo hoja ya wanaosema polisi huyu atumike. Hoja ya pili, ya wanaosema akwepwe, ni nzito, na haitoki kwa watu wasiojua.

Kwanza ni rekodi yenyewe. Takwimu za haki za kiraia za Wizara ya Elimu kwa mwaka wa masomo 2017–18 zinaonyesha wanafunzi weusi walikuwa takriban asilimia 15 ya wanafunzi wote, lakini karibu asilimia 29 ya waliopelekwa kwa vyombo vya dola na karibu asilimia 32 ya waliokamatwa kwa mambo ya shule. Mtoto wa Kikongomani akishaingia kwenye hesabu hiyo, hakuna anayeuliza kama ni mkimbizi, anahesabiwa mweusi. Bodi ya shule za Minneapolis ilivunja mkataba na polisi wa mji Juni 2020, siku chache baada ya kuuawa kwa George Floyd, na miji mingine ikafuata. Denver nayo iliwaondoa, ikawarudisha mwaka 2023 baada ya wafanyakazi wawili kupigwa risasi katika shule ya East High. Mji uleule uliyafanya yote mawili ndani ya miaka mitatu, na ukiangalia sababu za kila uamuzi, haukuwa wa kijinga.

Pili, mtoto aliyetishiwa kwa picha yake mwenyewe ni mwathirika, lakini kwa maandishi ya sheria za baadhi ya majimbo ni mtu aliyetengeneza na kusambaza picha chafu za mtoto. Majimbo zaidi ya 20 yameweka adhabu nyepesi au mpango wa mafunzo kwa vijana. Mengine yameiacha sheria ya watu wazima ilivyo. Waendesha mashtaka wengi hawamgusi aliyetapeliwa. Hali hugeuka pale wanafunzi wawili wanapotumiana kwa hiari na picha ikavuja darasani: aliyeirusha kwa wenzake anaweza kufunguliwa kesi, na polisi wa shule ndiye anayeanza kuandika.

Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wa Kimarekani hawalioni, na ambalo linapaswa kumnyima usingizi kila mzazi aliyepitia kambini. Wakimbizi wengi waliandikiwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari, na mwaka wa kukadiria. Kijana ambaye mama yake anajua ana miaka 16 anaweza kuwa na karatasi zinazosema 18. Akikutwa na picha ya msichana wa darasa lake mwenye miaka 16, kwa karatasi ni mtu mzima mwenye picha ya mtoto. Hukumu ya mahakama ya watoto kwa kawaida haihesabiwi na uhamiaji kama kutiwa hatiani. Ya mahakama ya watu wazima inahesabiwa, na makosa ya picha za utupu za watoto yamo katika yale mazito yanayoweza kumfukuzisha nchini hata mwenye kadi ya kijani. Familia yenye tarehe ya namna hii inapaswa kumwona wakili wa uhamiaji kabla mtoto hajafikisha 18 ya karatasi. Polisi, hata awe mwema kiasi gani, si mtu wa kuulizwa swali hili.

Tatu, mazungumzo na polisi hayana siri. Kumbukumbu anazoandika polisi wa shule kwa kazi ya sheria haziko chini ya ulinzi ule unaofunika rekodi za masomo. Karibu kila jimbo linamlazimu kuripoti dalili za mtoto kupigwa. Baba anayesema mbele yake kwamba “nilimchapa waya akaniambia ukweli” amefungua jalada jingine, la ustawi wa watoto, na hawezi kulifunga kwa kueleza kwamba ndivyo alivyolelewa. Na pale ambapo mwajiri wa askari ni sherifu aliyetia saini makubaliano ya kushirikiana na uhamiaji, familia yenye ndugu asiye na karatasi ina haki ya kuogopa zaidi.

Nne ni mahojiano na simu. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1985, katika kesi ya T.L.O. kutoka New Jersey, kwamba mwalimu anaweza kumpekua mwanafunzi kwa shaka yenye sababu tu, bila hati ya mahakama. Mwaka 2014, katika kesi ya Riley, iliamua polisi anahitaji hati kupekua simu ya aliyekamatwa. Polisi wa shule yuko katikati ya kesi hizo mbili, na mahakama za chini hazijakubaliana ahesabiwe upande gani. Mwaka 2011, katika kesi ya J.D.B., mtoto wa miaka 13 wa North Carolina alikuwa ametolewa darasani na kuhojiwa kwenye chumba kilichofungwa kwa dakika 30 hadi 45, bibi anayemlea hakuitwa. Mahakama ilisema umri wake ulipaswa kuzingatiwa katika kuamua kama alijiona yuko huru kuondoka. Haikusema kwamba mzazi lazima aitwe.

Nikizipima hoja hizi nne, naziona zote ni za kweli, na naona zote zinazungumzia siku ambayo jambo limekwisha kutokea na mtoto yuko mbele ya askari peke yake. Hakuna hata moja inayosema mzazi asimsikilize askari mwezi wa Agosti, kabla ya lolote. Jamii yetu imechukua tahadhari ya chumba cha mahojiano ikaipeleka kwenye ukumbi wa mkutano. Matokeo yake, tunakosa mafunzo ya bure, na bado tunakutana na polisi yuleyule siku mbaya, tukiwa hatumjui na hatujui lolote.

Kwa hiyo mgawanyo unaofaa ni wa muda na wa mada. Kabla ya tatizo, muulize kila kitu: ni programu zipi zinazoleta kesi shuleni kwake mwaka huu, jimbo hili linawafanyaje vijana waliotumiana picha, akiletewa kesi ya mtoto aliyetishiwa anapiga simu wapi, nani mwajiri wake. Atakayejibu vizuri swali la pili ni askari anayeijua kazi yake. Anayekwepa amekufundisha kitu pia. Mtoto wako akiwa ametapeliwa na mtu wa mbali, mwite, toa skrinshoti, eleza kilichotokea kwa mtapeli, na uwepo wewe. Simu nzima usiikabidhi kwa mdomo. Ukiulizwa unaweza kukubali sehemu, kwa mfano mazungumzo na akaunti moja tu, na iandikwe hivyo kwenye fomu ya ridhaa. Pale unapohisi mtoto wako ndiye anayeweza kulaumiwa, maneno ni mawili: kwa heshima, tutazungumza akiwepo wakili. Mtoto mwenyewe ajue kusema anataka mzazi wake aitwe kabla hajajibu. Mfundishe sentensi hiyo kwa Kiingereza, airudie mpaka imtoke bila kufikiri.

Wapo wanaouliza kwa nini mafunzo haya yasitolewe na mshauri wa shule au mkutubi, bunduki ibaki nje. Nakubali, pale wanapopatikana. Mshauri anaweza kufundisha mipangilio ya simu vizuri kuliko askari yeyote, na mtoto atamweleza mengi zaidi. Asichokuwa nacho ni kesi. Hajui ni akaunti gani imezunguka shule tatu mwezi huu, wala hawezi kuagiza data zihifadhiwe. Shule yenye busara huwaweka wote wawili mbele ya wazazi, mshauri akianza.

Askari wenyewe nao wana lao la kurekebisha. Kozi ya msingi ya NASRO ni ya saa 40, na ndani ya saa hizo yamo mambo mengi mno ili mtandao upate nafasi ya kutosha, sembuse kuzungumza na mzazi kupitia mkalimani. Askari anayeanza kwa kuhesabu vifo vya watoto mbele ya watu waliokwisha kuona vifo vya watoto anawapoteza dakika ya tano. Aanze na ahadi ambayo mzazi ataipeleka nyumbani: kumwambia mtoto leo usiku kwamba, akitishiwa, hatapigwa na hatanyang’anywa simu. Watoto hunyamaza kwa kuogopa hayo mawili kuliko wanavyomwogopa mtapeli. Mzazi anayeshindwa kuitoa ahadi hiyo, hakuna mpangilio wa simu utakaomsaidia.

Na lugha haiwezi kuachiwa watoto. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, katika Kifungu cha Sita, inazibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwafikia wazazi kwa lugha wanayoielewa. Mzazi anayo haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili bila kulipa, na aombe kwa maandishi, wiki moja au mbili kabla, akitaja tarehe ya mkutano. Mtoto asitafsiri habari za simu yake mwenyewe. Mkalimani naye apewe slaidi mapema, maana asiyejua “Snapchat” inafanyaje kazi atasema “mtandao” kila mahali na wazazi watatoka na kitu kimoja tu: mtandao ni mbaya.

Saa ya mkutano ni jambo la mwisho, na kwa familia nyingi ndilo linaloamua. Saa kumi na mbili jioni ya Jumanne, wazazi wengi wa Kikongomani wa Iowa na Kentucky wako zamu ya pili kwenye viwanda vya nyama. Jumapili saa nane mchana, ibada inapokwisha, watu wale wale wako mia mbili kwenye ukumbi mmoja, simu mkononi, na viti vimekwisha pangwa. Wachungaji na viongozi wa jamii wanaweza kumwandikia mkuu wa shule wiki hii wakimwomba askari, mshauri na mkalimani waje hapo, bastola ibaki garini ikiwa kanuni za idara yake zinaruhusu.